Tangazo ambalo hatukulisikia



Majuma mawili yaliyopita, baada ya swala ya Isha, mama mmoja alisimama mlangoni mwa ofisi ya kamati ya msikiti wetu akaomba asikilizwe. Mwanawe wa miaka 13, ambaye mwaka jana alihifadhi juzuu ya pili na kupewa zawadi mbele ya jamaa, sasa haonekani msikitini ila siku ya Ijumaa. Akitoka shule hujifungia chumbani na simu. Akiitwa kula hasikii, na adhana ikiadhiniwa hasikii. Siku ile mama alikuwa amegundua kwamba shilingi elfu arubaini za ada ya madrasa, zilizokuwa katika akiba ya simu yake, zimetumika kununua mavazi na silaha za askari wa mchezoni, askari asiyekuwepo duniani. Mama yule hakulia mbele yetu, ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Ombi lake lilikuwa moja: lisomwe tangazo siku ya Ijumaa kwamba michezo ya kompyuta na ya simu ni haramu, yote, bila ya kubagua.

Mwenyekiti alitugeukia, maana kuandika matangazo ni kazi ya katibu. Tukashika kalamu, tukaandika Bismillahi, kisha mkono ukasita. Ugonjwa ule tulikuwa tunaujua, kwa kuwa tulipata kuugua sisi wenyewe. Na tulimkumbuka mtu aliyetutibu, wala dawa yake haikuwa tangazo.

Mwaka 2000 tulikuwa na umri wa miaka 12, tukiishi Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga. Mjomba wetu, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa karani wa wakala wa forodha bandarini. Jioni moja alirudi akifuatwa na mkokoteni uliobeba maboksi mawili, na nyuma ya mkokoteni watoto wa mtaa mzima. Ilikuwa kompyuta ya mtumba kutoka Dubai, yenye skrini nene na nzito kama nusu gunia la mchele, na kumbukumbu ya megabaiti 32. Mkaza mjomba aliishonea kitambaa cheupe chenye darizi pembezoni, ikawa kila usiku inafunikwa kama mtoto mchanga. Iliwekwa katika chumba cha uani, mbali na vumbi la barabarani. Kwa nia njema kabisa, iliwekwa pia mbali na macho ya watu wazima.

Tulikuwa wanne: sisi na watoto watatu wa mjomba. Mwanzoni hatukujua hata kuizima. Umeme ulipokatika, na siku zile ulikatika mara kwa mara, mashine ilipowashwa tena ilituonyesha skrini ya buluu na kutukaripia kwamba haikuzimwa inavyopasa, kisha ikaanza kujikagua polepole. Tulikaa kimya tukingoja hukumu kama watu walio mbele ya kadhi. Ikipona, tulishukuru.

Ndani ya Windows 98 mlikuwamo michezo iliyokuja na mashine yenyewe. Upo wa karata, ambao Microsoft ilianza kuuweka humo mwaka 1990, na upo wa kutegua mabomu, uliofuata mwaka 1992. Mjomba hakupenda karata ndani ya nyumba yake, akaufuta ule wa kwanza. Wa mabomu aliuacha, maana ulikuwa ni hesabu tupu: kila tarakimu inakwambia ni mabomu mangapi yaliyopakana na kile kijumba ulichokifungua, na kazi yako ni kufikiri kabla ya kubonyeza. Hapo ndipo vidole vyetu vilipozoea kipanya. Mihtasari na hesabu za msikiti tunazoziandika leo zina asili yake katika chumba kile cha uani.

Kisha mfanyakazi mwenziwe mjomba akatuletea flopi moja. Watoto wa leo hawaijui flopi: ni kibapa cha plastiki chenye nafasi ya megabaiti 1.44, pungufu ya picha moja inayopigwa na simu ya siku hizi. Katika nafasi hiyo ndogo mlikuwa na kasri zima, gereza lake, milango ya chuma inayopanda na kushuka, miiba inayochomoza sakafuni, na kijana mwenye nguo nyeupe anayetakiwa kutoroka. Uliitwa Prince of Persia. Uliandika neno prince kwenye skrini nyeusi, ukabonyeza Enter, na mlango ukafunguka.

Mtunzi wake, Mmarekani Jordan Mechner, aliutoa mwaka 1989 baada ya kuufanyia kazi kwa miaka kadhaa. Ili kijana yule akimbie na kuruka kama binadamu wa kweli, Mechner alimpiga mdogo wake picha za video akikimbia na kuruka, kisha akaichora miondoko yake picha moja baada ya nyingine. Hayo tuliyajua ukubwani. Utotoni tulijua tu kwamba akining'inia ukingoni, vidole vyetu viliuma, na akianguka, tumbo letu lilianguka naye. Mchezo ulimpa mchezaji dakika 60 za saa ya kweli, basi. Zikiisha, umeshindwa.

Kwa miezi kadhaa kasri lile lilituchukua. Tulichora ramani zake nyuma ya madaftari ya hesabu. Tuliota milango yake. Karibu na mwisho wa safari tulikwama kwa adui mmoja wa ajabu: kivuli cha kijana mwenyewe, kilichotoka katika kioo alichokipasua njiani. Kinasimama mbele yako na upanga, wewe una upanga, na kila ukikipiga, unaumia wewe. Tulipigana nacho jioni baada ya jioni.

Jioni moja ya mwaka 2001 tulifika kwa kivuli tukiwa tumebakiwa na dakika nne. Saa kumi na mbili na nusu adhana ya Maghrib ikalia. Tuliisikia. Tunaandika hivi kwa makusudi, kwani wazazi wengi hudhani mtoto hasikii. Tuliisikia, tukatazamana, na mmoja wetu akasema, "Dakika nne tu." Kwenye kibodi palikuwa na kibonye kimoja, Esc, ambacho ukikibonyeza kijana husimama pale alipo na saa yake husimama naye, akakungoja hata ukiswali, ukala na ukalala. Hakuna aliyekibonyeza. Dakika nne zikaisha, tukashindwa, tukaanza upya, na Maghrib ikapita.

Mjomba alirudi baada ya Isha akiwa amevaa kanzu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmeswali Maghrib?"

"Tumeswali, mjomba."

"Msikitini?"

"Msikitini, mjomba. Safu ya nyuma."

Alinyamaza kidogo, akavua kofia yake akaishika mkononi. "Basi niambieni, wanangu. Tangazo la leo lilikuwa la nani?"

Hatukuwa na jibu. Wala hatukujua kama palikuwa na tangazo.

"Maalim amefariki," alisema. "Ametangazwa baada ya Maghrib. Mtaa mzima uko kwake. Watoto wote aliowasomesha wako uani wanatandika mikeka na kuteka maji. Nyinyi wanne tu ndio hamkuonekana, na mkewe amewaulizia."

Maalim yule ndiye aliyetufundisha Alif. Juzuu ya Amma tuliisoma barazani kwake, akitusahihisha huku macho ameyafumba. Nyumba yake ilikuwa mkabala na yetu. Tulikuwa tumejenga uongo wetu vizuri, hata safu tuliitaja, kumbe shahidi dhidi yetu alikuwa maiti wa mwalimu wetu.

Mjomba hakutupiga. Alitushika mikono, akatupeleka msibani usiku ule ule, tukaketi mkekani mpaka saa sita. Siku ya pili, baada ya kumsitiri Maalim, tulirudi tukitazamia kuikuta kompyuta imevunjwa au imeuzwa. Tuliikuta sebuleni, imeelekezwa mlangoni, na kando yake pamewekwa kiti cha mjomba mwenyewe. Akatoa masharti matatu. Mchezo utaanza baada ya swala, kamwe si kabla yake. Hakuna atakayecheza peke yake. Na ikisikika takbira ya kwanza ya adhana, yeyote aliye karibu na kibodi abonyeze Esc.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Aliketi. Alisema, "Haya, nionyesheni huyo aliyewashinda."

Tulimwonyesha kivuli. Alikitazama kwa muda, akatutazama tukikipiga na kuumia, tukikipiga na kuumia. Mjomba hakuwa amecheza mchezo wa kompyuta hata siku moja. Akasema taratibu, "Huyo si adui. Huyo ni wewe mwenyewe. Rudisha upanga alani." Tulicheka, kisha tukajaribu. Tuliurudisha upanga, tukapiga hatua mbele, na kivuli kikatujia kikaingia ndani ya kijana, wakawa mtu mmoja, na njia ikafunguka. Ndivyo mchezo ule ulivyotungwa. Mjomba alisimama, akafunga vifungo vya kanzu, maana Isha ilikuwa imekaribia, na hakuongeza neno. Hatukuhitaji neno.

Baada ya hapo ukaja mchezo mwingine mkubwa, Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999, ambao ulidai kumbukumbu ya megabaiti 32, nasi tulikuwa nazo 32 kamili. Ndani yake mna safari ya vita ya Sultani Salahuddin al-Ayyubi, inayosimuliwa na mpiganaji wa Kisalibi aliyetekwa, akaishi na Waislamu na kustaajabia tabia zao. Mjomba alizima muziki, akafungua kitabu cha historia magotini. Tulipigana Hittin kwenye skrini, naye akatusomea Hittin ya Julai 1187. Tulipotaka kuiteketeza Baytul Muqaddas, alituzuia akatueleza kwamba Salahuddin alipouingia mji ule, tarehe 27 Rajab mwaka 583 Hijria, aliupokea kwa mapatano, watu wake wakatoka kwa fidia, na wengi wasio na kitu wakaachiwa huru. "Mchezo unajua vita," alisema, "haujui msamaha. Huo ongezeni nyinyi." Alama zetu za historia na za Kiingereza zilipanda mwaka ule, na swala zetu zilirudi safu ya mbele.

Wasomaji wetu, dini haikuukataa mchezo kwa kuwa ni mchezo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, na Mtume (s.a.w.) alisimama akimsitiri Bi Aisha (r.a.) huku akiwatazama, wala hakuondoka mpaka mwenyewe alipotosheka. Tutafakari neno hilo: alisimama naye. Kwa upande wa pili, aya ya mwisho ya Suratul Jumu'a inawalaumu waliomwacha Mtume amesimama wakakimbilia biashara na pumbao. Mchezo ni mmoja katika hali zote mbili. Kinachotofautisha ni mahali swala ilipowekwa, na nani aliye kando ya mchezaji.

Lakini tusiwadanganye wazazi kwamba zama hazikubadilika. Zimebadilika katika mambo matatu.

La kwanza, kile kibonye cha Esc kimeondoka. Michezo mingi wanayoipenda vijana sasa huchezwa kwa intaneti, watu wengi kwa wakati mmoja, na mechi ikianza haisimami kwa ajili ya yeyote.

La pili ni fedha. Zamani mchezo uliuzwa mara moja, mambo yakaisha. Leo hutolewa bure, na biashara hufanywa ndani yake. Baya zaidi ni yale masanduku yanayonunuliwa bila ya mnunuzi kujua kilichomo, akabahatisha. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya bahati nasibu nchini Ubelgiji waliamua kwamba masanduku hayo yanayouzwa kwa fedha ni kamari kwa mujibu wa sheria yao. Sisi wenye aya ya 90 ya Suratul Maida tulipaswa kuliona hilo kabla ya Ubelgiji.

La tatu ni upweke. Kompyuta ya sebuleni haikuweza kubebwa kitandani. Simu inalala na mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza maradhi ya kutawaliwa na michezo katika orodha yake ya maradhi, kwa maana ya mtu aliyeshindwa kujizuia, akautanguliza mchezo mbele ya kila jambo hata akidhurika, na hali hiyo ikadumu kwa kawaida miezi 12. China mwaka 2021 iliweka sheria: walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni saa moja tu, siku ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sheria hiyo ni nzito, lakini hakuna serikali itakayokuja kuketi katika kiti cha mjomba.

Basi tulilifanyia nini ombi la mama yule? Tulimuuliza swali moja: mchezo wenyewe unaitwaje? Hakujua. Hata sisi hatukuujua. Kwa kuwa baba wa mtoto yuko safarini na lori, tuliomba kijana aje barazani mwa msikiti baada ya Alasiri, yeye na kaka yake mkubwa, na simu.

Alikuja ameinamisha kichwa, amejiandaa kwa mawaidha. Tukamwambia, "Tufundishe." Aliinua uso akatutazama kama mtu asiyeamini. Tulicheza, tukauawa kabla ya dakika kupita, naye akacheka kicheko cha mtoto. Baadaye, ilipokaribia Maghrib, tulimuuliza kwa nini hausimamishi mchezo adhana inapolia. Alijibu bila ya jeuri: "Hausimami, ustadhi. Na tunacheza wanne. Nikitoka, wenzangu watatu wanashindwa kwa sababu yangu."

Hapo tukaelewa. Mama alidhani mwanawe amekuwa kiziwi, kumbe kijana alikuwa akichunga ahadi kwa wenzake, ila ameiweka mahali pa ahadi iliyo kubwa zaidi. Mtoto wa namna hiyo hajapotea. Tukahesabu pamoja naye: mechi moja huchukua robo saa, aghalabu. Tukakubaliana kwamba ikibaki nusu saa kabla ya adhana, hakuna mechi mpya itakayoanza, na kwamba atawaeleza wenzake. Wawili kati ya hao watatu, kumbe, ni watoto wa barabara ya pili, nao wamesoma madrasa hiyo hiyo. Simu italala chumbani kwa mama, na namba ya siri ya akiba yake imebadilishwa. Ada ya madrasa kijana atailipa kwa kumsaidia kaka yake dukani kila Jumamosi mpaka zitimie elfu arubaini.

Jumatano alikuja Maghrib, na mmoja wa wenzake. Alhamisi hakuja. Ijumaa walikuja watatu. Hatuandiki haya kujisifu, maana safari ni ndefu na Alhamisi zipo nyingi. Tunaandika ili mzazi mwenye mtoto kama huyu aulize jina la mchezo kabla ya kuulizia hukumu yake, aketi japo mara moja kwenye kiti cha pembeni, na ajue mechi huchukua dakika ngapi. Akikuta humo kamari, uchafu au matusi, aukate bila ya kusita. Akikuta mchezo tu, auwekee mipaka kwa kuzifuata nyakati za swala, kisha naye awe wa kwanza kuinuka adhana inapolia. Mtoto hawezi kuacha skrini yake kwa ajili ya mzazi aliyeshika ya kwake.

Mjomba naye ametangulia mbele ya haki. Mara ya mwisho tulipomtembelea alituuliza, kwa sauti ndogo, kama kile kivuli bado kinatusumbua. Tukamjibu kwamba kinatusumbua, mjomba, ila sasa tunajua kurudisha upanga. Tangazo lake lilisomwa baada ya Maghrib, watu wakiwa bado safuni. Tulilisikia, maana sisi ndio tuliolisoma.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na Maalim wetu, na atuongoze pamoja na watoto wetu. Wabillahi tawfiq.